Kwa Spika Ileile

Uchaguzi ule tulishindwa. Nasema hili mapema ili asiyependa habari za walioshindwa aiweke hii kando na kuendelea na shughuli zake. Ulikuwa uchaguzi mdogo wa udiwani, baada ya diwani wetu kufariki, na kata yetu iko upande wa ziwani, ukitoka Ujiji kama unaelekea Bangwe. Tulishindwa sawasawa, bila kuibiwa wala kuonewa. Na bado, nikikutana na yule aliyetushinda, namsalimia shingo nimeinyoosha. Watu huniuliza ninajivunia nini hasa. Ngoja nieleze.

Mimi ni mwenezi wa tawi. Kwenye katiba ya chama kazi za mwenezi ni nyingi, lakini kwetu ni moja tu: kupiga kelele. Siku ya mkutano napanda bajaji iliyofungwa spika juu, nashika kipaza sauti, na tangu asubuhi nazunguka mtaa kwa mtaa nikiwaita watu. Nina sauti. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa mkunga aliziba masikio kwanza, ndipo akakata kitovu. Wapo watu wa Gungu na Buzebazeba ambao hawajawahi kuniona kwa macho, lakini nikiingia dukani nikasema "habari za saa hizi" wanageuka wote: "Kumbe ndiye wewe!" Napenda sana jambo hilo, sitaficha.

Sasa, kuna kitu ambacho viongozi wanaoletwa kutoka mbali hawakijui mpaka waumbuke. Kwetu mkutano haupangwi kwa kalenda ya ukutani. Unapangwa kwa mwezi wa angani. Wavuvi wetu wa dagaa wanavua kwa taa, na taa inafanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawana habari na taa ya mtu, wanatawanyika tu. Kwa hiyo siku za giza wanaume wako ziwani usiku kucha, na mchana wamelala. Siku za mbalamwezi mitumbwi imevutwa mchangani, wanaume wako nyumbani, wanashona nyavu, wanacheza drafti, wanagombana na wake zao. Hapo ndipo unapoitisha mkutano. Kigogo mmoja aliwahi kung'ang'ania tarehe yake mwenyewe, ikaangukia siku za giza. Alihutubia kina mama waliokuwa wanaanika dagaa na mbuzi waliokuwa wanawavizia dagaa hao. Hakurudi tena.

Mkutano wetu wa kwanza wa kampeni tuliupanga vizuri, mwezi mpevu, uwanjani karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Msemaji mkuu alikuwa mwenyekiti wa vijana wa kata. Huyu kijana alikuwa wetu. Nataka hilo lieleweke tangu sasa, kwa sababu baadaye watu wengi walisahau. Alikulia kwenye tawi letu, alianza kwa kubandika mabango, akapanda. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipaza sauti, asikimeze kama muwa, akiweke mbali kidogo na mdomo na apumue kwa pua. Aliniita mama. Alikuwa na ulimi, tena mcheshi. Akisimama, vijana wa bodaboda wanazima pikipiki zao ili wasikie. Tulimpenda, na tulikuwa tukiringa naye mbele ya vyama vingine.

Mpiga mbiu huwa hasikii hotuba. Watu wakianza kuongea jukwaani, mimi bado niko mitaa ya mwisho nawakusanya waliochelewa. Siku ile nilikuwa narudi uwanjani nikakutana na jirani yangu katikati ya njia, anatoka kule wenzake wanakokwenda, sufuria kubwa kichwani. Ndiye aliyekuwa akitupikia kila tukiwa na mkutano: ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese. Nikamtania kwa spika, mtaa mzima usikie: "Dada, unakwenda wapi na chakula chetu? Mkutano ndio kwanza umeanza!" Hakugeuka. Sufuria ilikuwa bado imejaa, niliona kwa namna alivyokuwa akitembea. Mbele huko uwanjani nikasikia kicheko kikubwa na makofi.

Maneno yenyewe niliyasikia jioni kwenye simu, maana kila mtu alikuwa amerekodi na kila grupu lilikuwa limeyapata. Kijana wetu alikuwa amesema hivi: "Wapo wageni wamejibanza humuhumu. Wanakula na sisi, wanapiga kura na sisi, wengine wanatuuzia mawese pale sokoni. Tukishinda, tutawapakia kwenye mitumbwi mmoja mmoja mpaka walikotoka. Na nyie vijana msisubiri tushinde. Nyumba zao mnazijua." Hapo ndipo kilipokuja kile kicheko.

Jirani yangu anauza mawese sokoni.

Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akiwa amebebwa mgongoni, hajajua hata kutembea. Alikulia kwenye makazi ya wakimbizi huko ndani, mbali na ziwa, akapewa uraia pamoja na wenzake, akaja mjini, akaolewa na Muha wa hapahapa, akafiwa. Kirundi chake kimechanganyika na Kiha, na Kiha changu kimechanganyika na kila kitu. Tukigombana mimi na yeye uani, mpita njia hawezi kujua nani katoka Kasulu na nani katoka ng'ambo. Kadi ya chama tulichukua siku moja, tumekaa benchi moja. Kwetu mboga bila mawese ni mboga ya mgonjwa, na mawese yake yalikuwa mekundu, mazito, hayana maji. Watu walikuwa wanatoka Bangwe kuja kununua kwake.

Baada ya mkutano ule hakuna aliyempiga wala kumchomea nyumba, niseme ukweli. Mambo yalikwenda kimyakimya. Wateja wake walianza kupita mbele ya meza yake wakiangalia juu kama wanaotafuta mvua, wakaenda kununua mawese mabaya kwa mtu mwingine kule mwisho wa soko. Mtu akachora msalaba wa mkaa kwenye geti lake. Akaufuta kwa majivu na maji. Asubuhi ya pili ulikuwa umerudi, mkubwa zaidi. Na kwenye kikao cha kamati ya tawi, alipoleta sufuria yake kama kawaida na kuifunua, tawi zima lilikuwa limeshiba. Mmoja amefunga, mwingine tumbo linamsumbua, mwingine kala kwa mkwewe. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakigombania kichwa cha mgebuka! Nilikula mimi na mwenyekiti wa tawi, na sikusikia ladha yoyote kwa hasira. Alipomaliza kusubiri alifunika sufuria yake, akajitwisha, akatuaga kwa adabu. Hakuileta tena.

Nilimfuata nyumbani siku chache baadaye. Nikamkuta anayafunga kamba madumu yake ya mawese, mawilimawili.

"Dada, unafanya nini?"

"Binti yangu yuko Tabora," akasema. "Treni ipo."

"Usiondoke. Mimi nimekutukana?"

"Hapana, mama. Wewe hujanitukana."

"Basi?"

Akakaza fundo kwa meno, ndipo akanijibu. "Aliyenitukana alikuwa amevaa shati kama lako. Alisimama kwenye jukwaa lenu, akaongea kwa spika yenu, nikasikia mpaka mifupa. Nyinyi mnakuja mmoja mmoja, jioni, mnaninong'oneza pole. Sitaki pole. Alichosema kwa spika, mkikatae kwa spika." Akaniangalia. "Sasa giza linaingia. Mwezi ukijaa tena mtaitisha mkutano, si nawajua? Sitakuja. Nitakaa hapahapa uani nisikilize. Mkikaa kimya siku hiyo, nisimwone mtu wa chama anakuja kunipungia mkono stesheni."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa na muda wa mwezi mmoja kupevuka.

Ngazi ya juu ya chama ilitutangulia. Waandishi wa habari walikuwa wamewauliza, na wao wakatoa tamko. Walilitoa asubuhi, tena katikati ya siku za giza, wakati ufukwe mzima unakoroma. Tamko lilisema chama kinalaani vikali kauli zote za chuki, popote zinapotolewa na yeyote anayezitoa. Nililisoma mara mbili nikitafuta jina la kijana wetu, au la kata yetu, au hata neno mawese. Sikuona. Nikampigia simu kiongozi aliyelisoma, maana mimi nikikasirika vidole vyangu havinisubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama mwenezi."

"Mzee, nimesoma tamko. Naomba kuuliza. Huyo Popote ni mwanachama wa tawi gani? Maana kwenye kadi zetu simwoni."

Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Mwenyekiti wetu wa tawi naye alikuwa anasitasita. Ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, mwoga wa majukwaa; ukimpa kipaza sauti anakishika kama aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu. "Mama mwenezi," aliniambia, "mambo ya ndani tuyamalize ndani. Tumwonye. Tumpe karipio. Uchaguzi ukipita tutaona."

"Mwenyekiti, yeye aliyasemea ndani?"

Nikamwambia kwamba akisimama mtu wa chama kingine kutulaumu kwa maneno yale, watu watasema ni wivu wa kampeni. Akisema padri au shehe, watasema viongozi wa dini ndiyo kazi yao. Watu pekee ambao kijana yule hawezi kuwaita adui ni sisi tuliomvalisha shati. Sisi tukinyamaza, basi yale maneno yamekuwa ya chama, na mimi ndiye niliyewaita watu waje kuyasikiliza. Niliongea sana. Mke wake alitoka nje kuangalia kama kuna ugomvi.

Akaitisha kikao. Na hapa ndipo ninapompa heshima yake, kwa sababu alikiitisha saa kumi jioni, saa ambayo wavuvi wameshaamka na hawajaingia ziwani. Angetaka kikao cha kimyakimya angekiitisha saa tatu asubuhi, akawapata watu wanne na wote wanasinzia.

Ofisi ya tawi ni chumba kimoja, kina mabenchi na bendera. Siku ile walijaa mpaka mlangoni: waanika dagaa wenye magamba mikononi, wavuvi na makoti yao ya baridi tayari, vijana wa bodaboda, na kijana wetu katikati yao. Alikuja ametulia kabisa, akaamkia wakubwa mmoja mmoja. Mwenyekiti akampa nafasi.

"Wazazi wangu," akasema, "ile ni siasa tu. Watu walikuwa wamepoa, nikawachangamsha. Mimi binafsi sina neno na mtu. Hata yule mama, mbona nimekula sana kwake?"

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kama angekuwa anawachukia kweli watu wale, ningejua nazungumza na ugonjwa. Lakini alikuwa ameshiba kwenye sufuria ya yule mwanamke, akapanda jukwaani akamtoa kafara kwa ajili ya kicheko. Nilitaka kusema, mwenyekiti akanizuia kwa kidole.

Mtu mmoja akasema bila huyu kijana bodaboda wote watatuhama. Mwingine akasema kukemeana hadharani wakati wa kampeni ni kumpa mpinzani kura kwenye sahani. Sikuwaona wajinga. Walikuwa wanahesabu vizuri. Kisha akasimama mvuvi mmoja, mtu mzima, mwenye mitumbwi yake, ambaye sijawahi kumsikia akiongea kikaoni hata kuomba maji.

"Mimi kwenye chombo changu," akasema, "watu watatu baba zao wametoka ng'ambo. Sijawahi kuwauliza. Usiku ule wa upepo, taa zimezimika zote, mmoja wao ndiye aliyenishika kola nikiwa nimeshaanza kunywa maji. Siku ile ya mkutano alikuwa amesimama pembeni yangu. Mliposema tuwapakie kwenye mitumbwi, mimi nilikuwa najiuliza, mitumbwi ya nani? Maana yangu ndiyo anayoiendesha yeye." Akakaa. Halafu akasimama tena. "Ego, ndivyo ilivyo. Na tangu siku hiyo haniangalii usoni."

Mwenyekiti akamgeukia kijana wetu. Alimuuliza kwa upole kabisa, kama baba. "Utapanda jukwaani uombe radhi? Ukiomba wewe mwenyewe, yameisha. Mimi nitasimama pembeni yako."

Ningefurahi sana kama angesema ndiyo. Mpaka leo nawaza kama angesema ndiyo. Alitazama vijana wake mlangoni, akatabasamu kidogo, akasema, "Mzee, mimi siwezi kumwomba radhi mgeni."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Basi wanaokubali kwamba maneno haya si ya chama, na tuyakatae hadharani kwa jina la aliyeyasema, wanyooshe mikono." Mimi nilinyoosha yote miwili nikaambiwa nishushe mmoja. Waanika dagaa walinyoosha. Wavuvi walinyoosha, si wote, lakini wengi kuliko nilivyotegemea. Walewale walioshiba siku ya sufuria, wengine wao walinyoosha wakiwa wanaangalia chini. Kijana wetu akavuliwa nafasi yake na kuzuiwa kupanda jukwaa la chama. Alitoka na vijana wake, pikipiki zikanguruma nje muda mrefu makusudi. Nilisikia uchungu. Alikuwa ameniita mama kwa miaka.

Tukabaki na kazi ya kuyasema. Mimi nilitaka niwashe spika jioni ileile. Mvuvi yule ndiye aliyenizuia. "Mama mwenezi, waliopiga makofi wengi ni wanaume. Sasa hivi tunaingia ziwani. Ukisema leo watasikia wake zetu, na sisi tutayapata yamepikwa upya. Ngoja mwezi." Alikuwa sahihi, na sipendi mtu mwingine akiwa sahihi mbele yangu. Nikangoja. Kila jioni nilikuwa naangalia juu kama mganga, na kila asubuhi nachungulia geti la jirani kama madumu bado yapo.

Mwezi ulipopevuka niliita watu kuliko siku yoyote. Nilipita na mbele ya geti lake, nikaita hapo kwa sauti ya juu kabisa. Halikufunguliwa. Uwanja ulijaa, maana fununu zilikuwa zimetembea. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwambia dereva wa bajaji kwamba waliochelewa wabaki walikochelewa. Nilitaka niwepo.

Mwenyekiti alipanda jukwaani simu yake inaita. Kila mtu wa tawi alijua ni nani anapiga na anataka kumwambia nini: soma lile tamko, ongeza salamu, shuka. Aliitazama, akaizima.

Hakusoma lile tamko la "popote". Alimtaja yule kijana jina lake na la baba yake. Akasema, "Huyu ni wetu. Sikilizeni vizuri. Hajatoka mbinguni, hajatumwa na mtu. Sisi tulimlea, sisi tukampa kipaza sauti hiki, alikuwa amesimama hapa niliposimama mimi. Kwa hiyo wa kumkatalia ni sisi. Wale aliowaita wageni ni watu wetu, wengine wana kadi ya chama hiki tangu kabla yeye hajazaliwa. Anayemgusa mmoja wao amenigusa mimi. Na aliyekuwa anataka kutupigia kura kwa sababu ya maneno yale, namwomba kura yake aipeleke kwingine. Hatuitaki."

Mwenyekiti wangu, mwoga wa majukwaa! Nilijisikia fahari mpaka nikasahau zamu yangu, mimi ambaye sijawahi kusahau kupiga kelele tangu nizaliwe. Ilibidi nianzishe wimbo na sikukumbuka. Akauanzisha mwanika dagaa mmoja aliyekuwa mbele, sauti imepinda, hana habari na tuni, na tukaupokea hivyohivyo.

Lakini uwanja haukushangilia wote. Nitasema yote. Bodaboda waliwasha pikipiki wakaondoka kwa mkupuo, vumbi likatufunika. Kofia za chama zilitupwa chini, nikaziokota mwenyewe baadaye. Wanaume kadhaa waliondoka bila kelele, na hao ndio walioniumiza zaidi. Haikupita wiki, chama kingine kikampokea kijana wetu kwa ngoma, wakamvisha shati jipya, wakamkabidhi kipaza sauti. Na siku ya kura wakatushinda. Leo kijana yule anaongea kwao, na nasikia ameanza tena. Basi ni zamu yao. Wakitaka kujua inavyofanywa waje tawini kwetu, tutawaonyesha bila kinyongo. Benchi zipo.

Lakini hayo ya kura yalikuja baadaye. Nirudi kwenye asubuhi iliyofuata mkutano.

Kwetu mwenezi hamalizi kazi siku ya mkutano. Kesho yake anazunguka tena, njia zilezile, kuwashukuru waliofika na kuwapa habari waliokosa. Nilipanda bajaji nikasema shukrani, kisha nikasema yale ya mwenyekiti, mtaa kwa mtaa, na jina. Wengine walitoka mlangoni na mswaki mdomoni kunisikiliza. Mmoja alinimwagia maji machafu karibu na gurudumu. Nikamshukuru naye, kwa spika.

Nilipofika kwa jirani yangu nilimwambia dereva apunguze mwendo. Nikasema maneno yote, polepole. Geti halikufunguka. Ulikuwepo msalaba wa mkaa uliofutwa nusu. Tukaanza kuondoka, na mimi moyo umeshuka, nikijua spika ile inasikika mpaka katikati ya ziwa, na kwamba jana yake alikuwa amesikia na hakutoka.

Ndipo nikamwona kwenye kioo cha bajaji. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, kanga kiunoni, ameinua mkono.

"Rudini hapa!"

Dereva akarudi kinyumenyume. Jirani akaja mpaka usawa wangu.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Rudia."

Alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia. Nikashika kipaza sauti nikarudia, chama hiki kinayakataa maneno yale, na watu wale ni watu wetu. Majirani walianza kutoka, mmoja hapa, wawili kule, pamoja na wale waliokuwa wakipita mbele ya meza yake wakitafuta mvua.

"Nani aliyasema?" akauliza, kama vile hajui.

Nikamtaja kwa spika, yeye na baba yake.

"Na ni wa nani huyo?"

Hilo lilikuwa gumu kutamka kuliko yote, hata jukwaani halikuwa gumu vile. Nikasema, "Ni wetu."

Alikunja mikono kifuani, akawatazama majirani wote waliotoka, mmoja baada ya mwingine, taratibu, mpaka akamaliza. Wengine walianza kuangalia miguu yao. Kisha akanigeukia.

"Haya. Zima hilo lispika lako, umeniamshia mtaa. Njoo ule, na huyo dereva wako."

Tulimfuata uani. Migebuka ilikuwa imeshaparuliwa iko kwenye beseni, moto unawaka, kikaango kikavu. Madumu yalikuwa yamepangwa ukutani, mawilimawili, kamba zake zilezile za safari. Jirani yangu alichukua kisu alichokuwa akipasulia samaki, akainama kwenye dumu la kwanza, akakata kamba, akamimina mawese kwenye kikaango.